Bendera ya taifa huchaguliwaje, na nani huichagua?

SWALI: Mimi ni mkazi wa Tanga. Binti yangu wa darasa la tano alipewa kazi ya nyumbani ya kueleza maana ya rangi za bendera ya taifa. Alizieleza vizuri, kisha akaniuliza swali lililonishinda: ni nani aliyezichagua rangi hizo? Je, wananchi walipiga kura, au kuna mtu mmoja aliyekaa akaichora bendera yetu? Na je, nchi inaweza kubadilisha bendera yake ikitaka? Naomba ufafanuzi.

JIBU: Ndugu msomaji, binti yako ameuliza jambo ambalo vitabu vya shule hulipita kimya. Vitabu humwambia mtoto kwamba kijani ni uoto na ardhi ya kilimo, dhahabu ni madini, nyeusi ni watu, na buluu ni bahari, maziwa na mito yetu, lakini havimwambii rangi hizo zilitoka wapi kabla ya kupewa maana hizo. Jibu fupi ni kwamba hapakuwa na kura ya wananchi. Bendera ya Tanzania ilipatikana kwa hatua mbili, ya kwanza mwaka 1961 na ya pili mwaka 1964, na katika hatua zote mbili rangi zilichukuliwa kutoka kwenye bendera zilizokuwa zikipepea tayari, ambazo nazo zilizaliwa katika vyama vya siasa. Maana tunazozikariri zilikuja kuvikwa juu ya rangi ambazo watu walikuwa wamekwisha kuzizoea katika mikutano ya hadhara.

Tuanze na Tanganyika. Wakati wa utawala wa Waingereza, bendera ya eneo hili ilikuwa nyekundu, yenye bendera ya Uingereza katika pembe ya juu na kichwa cha twiga. Wakati huohuo TANU, iliyoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, ilikuwa na bendera yake yenye mistari mitatu ya kulala: kijani, nyeusi na kijani. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na ukitaka kutafuta kura yoyote iliyohusika na bendera yetu, basi ni hiyo, ingawa hakuna mpiga kura aliyeulizwa habari za bendera siku ile. Baada ya ushindi wa namna hiyo, hapakuwa na chama kingine chenye nguvu ya kudai kwamba rangi zake nazo ziingizwe. Maofisa wa serikali ya kikoloni waliokuwa wakiandaa makabidhiano walipendekeza kwamba bendera ya TANU iwe msingi wa bendera ya nchi, na mistari ya rangi ya dhahabu ikaongezwa kati ya kijani na nyeusi. Hiyo ndiyo bendera iliyopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 jijini Dar es Salaam, na usiku huohuo Luteni Alexander Nyirenda akaisimamisha juu ya kilele cha Mlima Kilimanjaro pamoja na Mwenge wa Uhuru.

Mistari ile ya dhahabu yastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu inaonyesha jinsi sababu ya ufundi na sababu ya maana zinavyoweza kukaa pamoja katika kitambaa kimoja. Rangi nyeusi ikiwekwa moja kwa moja juu ya kijani, mtu aliye mbali haoni mpaka kati ya rangi hizo mbili, hasa bendera inapokuwa imechakaa au jua linapokuwa nyuma yake. Wataalamu wa nembo wa Ulaya wana kanuni ya karne nyingi inayosema kwamba rangi mbili za giza zisigusane bila kutenganishwa na rangi ya mwanga, yaani nyeupe au ya manjano, na kanuni hiyo ilitokana na haja ya kumtambua mpiganaji kwa mbali. Ukiitazama bendera ya Kenya utaona jambo hilohilo: mistari miwili myembamba myeupe imekaa kati ya nyeusi na nyekundu, na kati ya nyekundu na kijani. Kwa hiyo dhahabu ya Tanganyika hufanya kazi mbili. Ni alama ya madini, na pia ndiyo inayowezesha bendera kusomeka. Mimi huwaeleza wanafunzi wangu kazi zote mbili, maana anayejua moja tu hataelewa kwa nini madini yamepewa mistari myembamba badala ya mpana.

Visiwani mambo yalikwenda kwa kasi na kwa ukali zaidi. Kwa zaidi ya karne moja Zanzibar ilikuwa na bendera nyekundu isiyo na alama yoyote, bendera ya masultani wa Busaidi, ambayo ilikuwa ndugu wa bendera ya Muscat. Oman yenyewe haikuiacha nyekundu tupu mpaka mwaka 1970. Watu wa Mombasa waliokuwa watu wazima kabla ya uhuru wanaikumbuka pia, kwa kuwa ilipepea juu ya Ngome ya Yesu hadi mwaka 1963, ikiwa alama kwamba ukanda wa pwani ya Kenya, kwa karatasi, ulikuwa mali ya Sultani na Waingereza walikuwa wakiutawala kwa mkataba wa mwaka 1895. Zanzibar ilipopata uhuru tarehe 10 Desemba 1963 chini ya Sultani Jamshid bin Abdullah, katikati ya ile nyekundu iliwekwa duara la kijani lenye karafuu mbili za manjano. Bendera ile iliishi siku thelathini na tatu. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliiondoa, na kabla mwezi huo haujaisha Jamhuri ya Watu wa Zanzibar ilikuwa na bendera ya buluu, nyeusi na kijani, rangi za chama cha Afro-Shirazi. Ndani ya miezi miwili tu Wazanzibari walikuwa wamesimama chini ya bendera tatu tofauti, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyoletwa mbele yao ili waikubali au waikatae.

Sasa tufike kwenye Muungano, ambako ndiko jibu la binti yako liliko hasa. Mwalimu Nyerere na Mzee Karume walitia saini Hati za Muungano tarehe 22 Aprili 1964, na Muungano ukaanza rasmi tarehe 26 Aprili. Nchi mbili zilizokuwa na bendera mbili zikawa na haja ya bendera moja. Ziweke bendera hizo mbili mezani uzilinganishe. Ya Tanganyika ina kijani, dhahabu na nyeusi. Ya Zanzibar ina buluu, nyeusi na kijani. Kijani na nyeusi zipo pande zote mbili. Kilichopungua upande wa Bara ni buluu peke yake, na kilichopungua upande wa Visiwani ni dhahabu peke yake. Kwa maneno mengine, ukizijumlisha bendera hizo bila kutupa chochote, unapata rangi nne, ambazo ndizo tulizonazo leo: mbili za wote, moja ya Bara na moja ya Visiwani. Ni hesabu ambayo isingewezekana miezi minne kabla, wakati bendera ya Zanzibar ilipokuwa nyekundu yenye karafuu, na mtu anaweza kusema bila kukosea kwamba Mapinduzi ndiyo yaliyoirahisisha kazi ya wachoraji wa Muungano.

Likabaki swali la mpangilio, na hapo ndipo ninapoona akili ya waliofanya kazi ile. Kama wangeendelea na mistari ya kulala, ilibidi rangi moja iwe juu na nyingine chini, na nchi mbili zilizoungana kwa hiari zingeanza maisha yao kwa mabishano ya nani yuko juu ya nani. Badala yake mstari mweusi wenye kingo za dhahabu ukapitishwa kwa mshazari, kutoka pembe ya chini karibu na mlingoti kwenda pembe ya juu ya upande wa pili, ukaacha pembetatu mbili zilizo sawa kwa ukubwa, ya kijani na ya buluu. Huo ni usomaji wangu wa umbo lenyewe, na mtu anaweza kunijibu kwamba hata hivyo kijani ndicho kilichopewa pembe ya juu karibu na mlingoti, ambayo katika desturi za bendera ni mahali pa heshima. Ni kweli. Lakini usawa wa ukubwa unabaki, na katika jambo lililofanywa kwa wiki chache tu huo haukuwa usawa mdogo.

Bendera hiyo ilianza kutumika rasmi tarehe 30 Juni 1964. Jina la Tanzania lilikuwa bado halijatangazwa. Nchi ilikuwa ikiitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, na jina tunalolitumia leo lilikuja mwishoni mwa Oktoba mwaka ule.

Mpangilio wa mshazari ulikuja na usumbufu mmoja ambao bendera ya zamani ya Tanganyika haikuwa nao. Ile ya mwaka 1961, ikiwa na kijani juu na kijani chini, haikuweza kupandishwa kichwa chini, kwani ilionekana vilevile. Hii ya sasa inaweza, na hukosewa mara kwa mara katika mapambo ya sherehe na katika michoro ya vitabu. Kipimo rahisi cha kumfundisha mtoto ni kwamba kijani hukaa juu, upande wa mlingoti, na mstari mweusi hupanda kutoka mlingotini kama mtu anayepanda mlima.

Nimeisimulia habari ya Tanzania kwa urefu kwa sababu ndiyo uliyouliza, lakini ukitaka kuona kanuni iliyo ndani yake, itazame Uganda. Huko, mwanzoni mwa mwaka 1962, chama cha Democratic Party cha Benedicto Kiwanuka ndicho kilichokuwa kikiongoza serikali ya ndani, na kikaandaa bendera ya taifa yenye mistari ya kusimama ya kijani, buluu na kijani, iliyotenganishwa na mistari myembamba ya manjano, na katikati kivuli cha korongo mwenye taji kwa rangi ya manjano. Kisha uchaguzi wa tarehe 25 Aprili ukakiangusha chama hicho. Serikali mpya ya Uganda People's Congress iliikataa bendera ile na kuweka yake, iliyotegemea bendera ya chama chao, kwa mpango wa Grace Ibingira, aliyekuwa Waziri wa Sheria. Ndiyo hii yenye mistari sita ya nyeusi, njano na nyekundu ambayo ilipandishwa tarehe 9 Oktoba 1962. Laiti uchaguzi ule ungekwenda kinyume, Waganda wangekuwa leo wakiwaeleza watoto wao maana ya kijani na buluu, na wangekuwa na hakika ileile kwamba hakuna rangi nyingine zingeweza kuisimamia Uganda. Aliyeokoka peke yake ni korongo. Alikuwa katika nembo ya wakoloni, akawa katika bendera ya DP, na akaingia katika bendera ya UPC akiwa ndani ya duara jeupe, huku mguu mmoja umeinuliwa. Mnyama asiye wa kabila lolote, wala wa chama chochote, ana nafasi nzuri ya kubaki.

Kenya nayo ilichukua nyeusi, nyekundu na kijani za KANU, ambazo mizizi yake inarudi nyuma hadi KAU, chama kilichoitangulia, ya miaka ya hamsini, lakini haikuzichukua kama zilivyo. Mistari myeupe ya amani na umoja iliongezwa, na katikati zikawekwa ngao na mikuki miwili, ili bendera ya nchi isifanane na ya chama kiasi cha kuchanganywa. Ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, na Kisoi Munyao akaisimamisha juu ya Mlima Kenya kama Nyirenda alivyofanya Kilimanjaro miaka miwili kabla. Ukizilinganisha nchi hizi tatu utaona kwamba bendera hufuata watu waliokuwa mezani katika miezi michache ya mwisho kabla ya usiku wa uhuru: pale ambapo chama kimoja kilikuwa peke yake, rangi zake zilipita na marekebisho madogo, pale ambapo kulikuwa na ushindani, bendera ilibadilishwa, au ilipambwa kwa vitu visivyo vya chama.

Kuhusu mtu mmoja aliyekaa akaichora, hapa inabidi kutenganisha bendera na nembo, kwa kuwa watu wengi huzichanganya. Mwaka 2017 magazeti na televisheni za Tanzania zilimwandika sana mzee Francis Maige Kanyasu, aliyejulikana kwa jina la Ngosha, ambaye alijieleza kuwa ndiye aliyechora nembo ya taifa, ile yenye bwana na bibi walioshika pembe za ndovu na Mlima Kilimanjaro chini yao. Alifariki Mei mwaka huohuo. Habari yake iliwagusa watu wengi, lakini ilihusu nembo. Bendera ni jambo jingine, na kama nilivyoeleza, ilitokana na kuunganisha bendera mbili zilizokuwepo. Kuna nchi ambazo mchoraji wake anajulikana waziwazi. Bendera ya Nigeria ilitokana na shindano, na mshindi alikuwa Taiwo Akinkunmi, kijana aliyekuwa akisoma London. Hata hivyo mchoro wake ulikuwa na jua jekundu katikati ya mstari mweupe, na waamuzi wakaliondoa kabla ya kuikubali. Bendera ya Ghana ilibuniwa na Theodosia Okoh mwaka 1957, naye akaishi miaka mingi akitambuliwa kwa kazi hiyo. Lakini hata katika nchi hizi, mchoraji alitoa pendekezo. Aliyeligeuza pendekezo kuwa bendera ya taifa alikuwa mwingine.

Huyo mwingine ni sheria. Kitambaa hakiwi bendera ya taifa kwa sababu kimependwa au kimepandishwa, bali kwa sababu chombo chenye mamlaka kimeandika kwamba ndicho, kikaeleza umbo lake, rangi zake na vipimo vyake, ili fundi cherehani wa Mtwara na kiwanda cha ughaibuni watoe kitu kilekile. Kwa Tanzania suala hilo liko chini ya Sheria ya Nembo za Taifa ya mwaka 1971. Kenya iliamua kuipandisha daraja: Ibara ya 9 ya Katiba ya mwaka 2010 inaitaja bendera miongoni mwa alama za taifa, na Jedwali la Pili linaionyesha pamoja na vipimo vya kila mstari. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikwenda mbele zaidi, ikaieleza bendera kwa maneno katika ibara ya kwanza kabisa ya Katiba ya mwaka 2006. Hakuna ofisi ya kimataifa inayoithibitisha bendera ya nchi. Umoja wa Mataifa huipandisha mbele ya makao yake makuu New York baada ya nchi kukubaliwa kuwa mwanachama, lakini haiichagui wala haiikagui. Mahali ambapo bendera ina nguvu ya kisheria nje ya mipaka ni baharini, kwani chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 meli huwa na uraia wa nchi ambayo meli hiyo ina haki ya kupeperusha bendera yake. Nahodha asiyejua historia hata kidogo bado anahitaji kujua bendera iliyo juu ya meli yake ni ya nani.

Je, nchi inaweza kuibadilisha? Inaweza, na majirani zetu wamefanya hivyo. Mara nyingi sababu huwa si uzuri wa rangi, bali ni kwamba utawala ulioiweka bendera umeondoka, au bendera imebeba kumbukumbu ambayo watu hawawezi tena kuitazama. Burundi ilikuwa na ngoma ya karyenda, ngoma ya wafalme, katikati ya bendera yake. Ufalme ulipopinduliwa Novemba 1966, ngoma iliondoka pamoja nao, na tangu mwaka 1967 mahali pake pana nyota tatu. Rwanda iliishi kwa karibu miaka arobaini na bendera ya nyekundu, njano na kijani yenye herufi R nyeusi katikati. Herufi ile iliwekwa kwa sababu ya kawaida kabisa, kwamba bila yake bendera hiyo isingetofautiana na ya Guinea. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, rangi hizo zilikuwa zimeshikamana na enzi ambayo serikali mpya ilitaka kuiacha nyuma, na mwaka 2001 ikaja bendera ya buluu, njano na kijani yenye jua, iliyobuniwa na Alphonse Kirimobenecyo.

Kongo ndiyo yenye historia ndefu kuliko zote, na wasomaji wetu wa Lubumbashi na Goma waliofikia umri mkubwa wameziona zote kwa macho yao. Bendera ya uhuru ya mwaka 1960 ilikuwa ya buluu yenye nyota kubwa ya manjano, na nyota ndogo sita za mikoa sita kando ya mlingoti. Mwaka 1963 ikaja yenye mstari mwekundu wa mshazari. Mwaka 1971 Mobutu, alipoiita nchi Zaire, akaleta ya kijani yenye mkono ulioshika mwenge ndani ya duara la njano. Laurent-Désiré Kabila alipoingia Kinshasa mwaka 1997 aliirudisha ile ya nyota sita, na Katiba ya mwaka 2006 ikaurudisha mshazari mwekundu, safari hii juu ya buluu ya anga. La kushangaza ni kwamba nyota ya manjano juu ya buluu, ambayo imerudi mara zote hizo isipokuwa enzi ya Zaire, asili yake ni bendera ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ya karne ya kumi na tisa. Sioni kwamba hilo linawavunjia Wakongo heshima. Alama ikishikwa na watu wengine kwa muda wa kutosha, hubadilisha mwenyewe.

Nchi zilizojaribu kuwashirikisha wananchi moja kwa moja hazikupata njia nyepesi. Afrika Kusini iliitisha shindano mwaka 1993, ikapokea michoro zaidi ya 7,000, na hakuna hata mmoja uliokubaliwa. Uchaguzi wa Aprili 1994 ulipokaribia, kazi ilikabidhiwa kwa Cyril Ramaphosa na Roelf Meyer, wakaupokea mchoro wa Fred Brownell, mkuu wa ofisi ya nembo ya nchi hiyo. Inasimuliwa kwamba mchoro huo ulitumwa kwa faksi kwa Nelson Mandela, aliyekuwa safarini Rustenburg, na kwa kuwa faksi haina rangi, wasaidizi wake walilazimika kununua penseli za rangi dukani ili waupake aone unavyofanana. Ulikubaliwa tarehe 15 Machi 1994, kwa nia ya kutumika kwa muda tu, na tarehe 27 Aprili ukawa unapepea. Bendera hiyo ya muda ingali ipo, na ni miongoni mwa bendera zinazopendwa zaidi na wananchi wake katika bara hili.

New Zealand ilifanya hasa kile ambacho binti yako alikifikiria. Wananchi walialikwa kutuma michoro, ikaja 10,292. Ikachujwa ikabaki mitano. Kura ya maoni ya mwishoni mwa mwaka 2015 ikachagua mmoja. Na kura ya pili, Machi 2016, ikaushindanisha na bendera ya zamani. Asilimia 56.6 walichagua kubaki na ya zamani. Wapo waliosema fedha zilipotea bure. Mimi nadhani matokeo yale yana faida yake, kwa sababu New Zealand sasa ni moja kati ya nchi chache sana duniani ambazo bendera yake imewahi kupigiwa kura na wananchi, hata kama bendera hiyo ililetwa na watu wengine karne moja kabla.

Kwa upande wetu, mabadiliko yangehitaji kupita Bungeni kama marekebisho mengine ya sheria. Kenya yangehitaji kurekebisha Katiba, ila bendera haimo katika orodha ya mambo ya Ibara ya 255 yanayolazimu kura ya maoni, kwa hiyo theluthi mbili ya wabunge na theluthi mbili ya maseneta wangetosha bila mwananchi mmoja kwenda kituoni. Na kwa Zanzibar badiliko limekwisha kutokea: mwaka 2004 Baraza la Wawakilishi lilipitisha sheria ya bendera ya Zanzibar, na Januari 2005 ikapandishwa ile ya buluu, nyeusi na kijani, rangi zilezile za mwaka 1964, ikiwa na bendera ya Muungano katika pembe ya juu. Wasomaji wa Visiwani huniandikia wakiuliza kama hiyo ni bendera ya nchi au ya serikali ya Zanzibar. Hilo ni swali la Muungano zaidi kuliko la bendera, na linahitaji jibu lake peke yake.

Kuhusu kazi ya nyumbani, binti yako anaweza kuandika kwamba kijani na nyeusi zilikuwa katika bendera zote mbili, dhahabu ilitoka Tanganyika na buluu ilitoka Zanzibar. Na kama mwalimu wake atamruhusu kuongeza mstari mmoja, aandike kwamba bendera ya Tanzania imelizidi umri jina la Tanzania kwa miezi minne.